NANI AMPIMIE MTU WA UCHINDILE MRABAHA WA SIMU YAKE?

Treni ya TAZARA ikiisha kuondoka Mlimba na kuanza kuupanda ule ukuta wa milima kuelekea Makambako, hupita stesheni ya Uchindile. Humo mabehewani, na pale stesheni pia, hutamkosa mtu mwenye simu ya Tecno, ya Itel au ya Infinix. Ameinunua Mlimba au Ifakara kwa fedha ya mpunga, ameilipa yote, mwenye duka hamdai senti. Wala hana habari ya kuwa mnamo Julai 2024 simu za namna ile zilipelekwa mbele ya mahkama ya Delhi, nchini India, na kampuni ya Kimarekani iitwayo Qualcomm, ambayo haikuziunda, haikuziuza, na ambayo kwa sehemu kubwa hata zile chipu zilizomo ndani yake si zake, bali ni za MediaTek ya Taiwan na Unisoc ya China.

Aliyeshitakiwa ni Transsion, kampuni ya Kichina yenye majina yote matatu hayo. Baadaye pande mbili zikaelewana, kama ilivyo desturi ya wakubwa, na mambo yakanyamaza. Gazeti hili halina nia ya kumtetea Mchina wala ya kumlaani Mmarekani, maana wote wawili ni wafanya biashara na hakuna aliyekuja kwetu kutoa sadaka. Tunalotaka kuliuliza ni jingine: wanapogombana hao, na kisha wanapopatana, gharama ya mapatano inaangukia kichwa cha nani, na ni nani aliyekipima kichwa hicho?

Lililogombewa ni hataza. Neno hili wanasheria wetu wanalijua, lakini mitaani bado ni geni, kwa hiyo yafaa kulieleza. Serikali humpa mvumbuzi hati ya kumzuia kila mtu mwingine asiutumie uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20, isipokuwa kwa ruhusa yake. Ruhusa hiyo ndiyo leseni, na malipo ya leseni ni mrabaha, neno ambalo ndugu zetu wa migodini wamekwisha kulizoea. Katika asili yake mapatano haya ni ya haki: mvumbuzi huifichua siri yake, na umma nao humlinda kwa muda. Mtu aliyekesha akitafuta jinsi sauti za watu elfu zitakavyopita angani kwa pamoja zisichanganyike, anastahili ujira wake, kama anavyostahili heshima yule mtafiti wa KATRIN, hapo Ifakara, aliyetuletea mpunga wa TXD 306 ambao wakulima wanauita SARO 5.

Lakini tazama tofauti. Mkulima wa Kilombero akiiona mbegu mpya ina masharti mazito, aweza kurudi kwenye mbegu ya babu yake. Itazaa kidogo, lakini itazaa. Mwenye simu hana mbegu ya babu ya kurudia. Simu isiyosema lugha ya mnara ni kipande cha kioo tu, na lugha ya mnara haina mbadala, kwa kuwa dunia nzima imekubaliana juu yake. Hapo ndipo penye fundo lote la jambo hili, na ili tulifungue hatuna haja ya kwenda California. Twende Kidatu.

Upana wa reli ya TAZARA ni milimita 1,067. Upana wa reli itokayo Kilosa, ambayo ni tawi la Reli ya Kati, ni milimita 1,000. Zinakutana Kidatu, na tangu mwaka 1998 mzigo hushushwa pale kutoka behewa hili ukapakiwa behewa lile, kwa sababu ya milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne. Upana huo ndio watu wa mitambo wanaouita kiwango. Hauna utakatifu wowote. Sifa yake ni kuwa wote wanaoitumia njia ile wameukubali. Sasa tuseme yuko mtu mwenye hataza juu ya upana wa milimita 1,067. Kabla reli haijajengwa, uvumbuzi wake ulikuwa mmoja tu kati ya mingi, na angeuuza kwa bei ya sokoni kama wenziwe. Lakini reli ikiisha kulazwa kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, na madaraja yamejengwa, na milima ya Uchindile imetobolewa mahandaki, mtu yule amekuwa sultani. Hata akidai nusu ya gharama ya kichwa cha treni, utamjibu nini? Utaing'oa reli?

Waliotunga viwango vya simu hawakuwa wajinga. Waliiona hatari hiyo mapema. Kwa hiyo mashirika ya viwango, kama ETSI ya Ulaya, humtaka kila mwenye hataza iingiayo katika kiwango aahidi ya kuwa atatoa leseni kwa masharti ya haki, ya kiasi, na yasiyobagua. Ni maneno mazuri. Tumewahi kuona maneno mazuri katika mikataba mingi iliyoandikwa juu ya bara hili. Ahadi haikutaja kiasi ni kiasi gani, wala mahkama ya nani itakayosema kiasi kimezidi.

Mafunzo yalikuja upesi. Qualcomm na Broadcom, wote watengenezaji wa chipu, wote Wamarekani, wote wa California, walianza kushitakiana mwaka 2005. Mnamo Juni 2007 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikapiga marufuku kuingiza nchini humo aina mpya za simu zenye chipu za Qualcomm zilizoonekana kuivunja hataza ya Broadcom ya kuhifadhi nguvu za betri. Lakini shauri linalotufundisha zaidi ni la San Diego, ambako Qualcomm ndiyo iliyoshitaki. Ilidai hataza zake juu ya namna ya kubana picha za video. Katika kesi ikafunuliwa ya kuwa Qualcomm ilikuwa imehudhuria baraza lililokuwa likikitunga kiwango kile, nayo haikusema lolote juu ya hataza zake. Ikanyamaza mpaka kiwango kimepita, kisha ikaja na madai. Zaidi ya hati 46,000 ambazo zilipaswa kutolewa mahkamani hazikutolewa mpaka kesi ilipokuwa imekwisha. Mwaka 2008 iliamriwa kuilipa Broadcom dola milioni 8.5 za gharama, na mwezi Aprili 2009 ikayamaliza magomvi yote kwa kukubali kulipa dola milioni 891 kwa miaka minne.

Sisi tuliokulia katika mabaraza ya wazee twaijua adabu ya kikao. Mtu akikaa kikaoni akasikia mpaka wa shamba ukipangwa, akanyamaza, hana haki ya kuja mwakani akasema mpaka umepita juu ya kaburi la babu yake. Mahkama ya Marekani ilisema neno hilo hilo kwa Kiingereza.

Baada ya hapo ugomvi ukahamia mahali pagumu zaidi. Qualcomm, iliyokuwa na chipu bora za modemu na pia rundo kubwa la hataza, ilikuwa na desturi mbili. Kwanza, haikuwauzia wenye viwanda vya simu chipu mpaka wachukue leseni ya hataza kando, kana kwamba mwenye kinu akuuzie unga kisha akudai tena kodi ya kinu. Pili, haikuwapa leseni watengeneza chipu wenziwe, akina MediaTek na Intel. Leseni iliwapa wenye kuunda simu nzima tu. Serikali ya Marekani yenyewe ikaishitaki mwezi Januari 2017. Mnamo Mei 2019 Jaji Lucy Koh akaamua ya kuwa desturi hizo ni uvunjaji wa sheria ya ushindani, na ya kuwa wapinzani wapewe leseni. Agosti 2020 mahkama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikasema kushindana kwa ukali siyo kosa. Katikati ya hayo Apple, iliyokuwa imeshitaki pia, ikapatana na Qualcomm tarehe 16 Aprili 2019, na siku ile ile Intel ikatangaza kuacha biashara ya modemu za simu za kizazi cha tano. Mpinzani mmoja akawa ametoka uwanjani.

Msomaji aweza kuuliza: kuna ubaya gani leseni ikitolewa kwa mwenye simu badala ya mwenye chipu, maadamu mrabaha ni mmoja? Ubaya umo katika kipimo. Viwango ambavyo Qualcomm yenyewe iliviweka hadharani kwa simu za kizazi cha tano zinazotumia pia vizazi vya nyuma ni asilimia 3.25 ya bei ya simu itokapo kiwandani, na bei isihesabiwe kupita dola 400. Tuseme simu imetoka kiwandani kwa Sh. 200,000. Mrabaha ni Sh. 6,500. Tuseme chipu iliyomo ndani, ambayo ndiyo inayoifanya ile kazi ya hataza, ni ya Sh. 20,000. Kwa asilimia ile ile mrabaha ungekuwa Sh. 650. Kampuni itajibu ya kuwa uvumbuzi wake unaitia thamani simu nzima, na ya kuwa kama kipimo kingekuwa chipu, basi asilimia ingekuwa kubwa zaidi. Huenda. Lakini kioo kikiwa kipana, kamera ikiwa nzuri, betri ikiwa ya kudumu siku mbili, vitu vilivyobuniwa na watu wengine kabisa, mrabaha wa mwenye modemu unapanda pamoja navyo. Mwenye hataza ya gurudumu ameacha kudai sehemu ya bei ya gurudumu. Sasa anadai sehemu ya gunia la mpunga lililomo behewani.

Tena Qualcomm siyo peke yake. Nokia ilitangaza mwaka 2018 ya kuwa kwa simu ya kizazi cha tano haitadai zaidi ya yuro 3. Ericsson ilitangaza dola 5, ikishuka hadi 2.50 kwa simu za bei ndogo. Huawei, mwaka 2021, dola 2.50. Hizo ni bei za ubaoni, na wenye nguvu hupunguziwa chumbani. Lakini kila mmoja ana kibanda chake cha ushuru juu ya njia ile ile.

Nani hupunguziwa? Tazama China. Mwaka 2015 tume yake ya maendeleo iliitoza Qualcomm faini ya yuan bilioni 6.088, na ikaifanya ikubali ya kuwa kwa simu zinazouzwa huko mrabaha upigwe juu ya asilimia 65 tu ya bei. Korea ya Kusini nayo, Desemba 2016, ikaitoza won trilioni 1.03, na kosa moja lililotajwa ni hilo hilo la kuwanyima leseni wenye chipu wapinzani. Mahkama kuu ya huko ikaithibitisha faini mwaka 2023. Basi Mchina na Mkorea walikwenda barazani kwa sauti ya serikali zao wakasikilizwa. Mtu wa Uchindile alisemewa na nani?

Hapa pana jambo ambalo tunaliona kuwa zito kuliko yote tuliyoyataja. Hataza ni mtoto wa nchi. Iliyosajiliwa India haina nguvu Tanzania. Lazima isajiliwe hapa kwetu, BRELA, au kwa njia ya ARIPO iliyoko Harare, na hata hapo Zanzibar ina sheria yake na daftari lake. Kwa sheria, basi, ambapo hakuna hataza iliyosajiliwa hakuna deni. Lakini mnamo Agosti 2020 Mahkama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Unwired Planet na Huawei, iliamua ya kuwa mahkama ya Kiingereza yaweza kupanga mrabaha wa dunia nzima, na mwenye simu asiyeukubali azuiwe kuuza Uingereza. Katika shauri hilo jaji alikuwa amekwisha kupanga tangu 2017 viwango viwili: kimoja cha masoko makubwa, na kingine, nusu yake, cha China na nchi nyingine. Sisi ndio hao “nchi nyingine.” Nusu ni afadhali kuliko nzima, hatukatai. Ila zamani kidogo tulipandisha bendera yetu ili mambo yanayohusu mifuko ya watu wetu yasiamriwe London, na hakuna aliyetuletea hati ya kuwa hili limetengwa.

Tusijidanganye, hata hivyo. Mwandishi anayemwambia mkulima ya kuwa simu ni ghali kwa sababu ya mrabaha tu, anamdanganya. Kodi ya ongezeko la thamani kwa asilimia 18 juu ya simu ile ile ya Sh. 200,000 ni Sh. 36,000, nayo ni yetu wenyewe. Serikali iliisamehe kodi hiyo kwa simu janja mwaka 2021, na mwaka 2022 msamaha ukaondolewa, kwa hoja ya kuwa nafuu haikumfikia mnunuzi. Hoja hiyo yaeleweka. Lakini inatuonyesha pia jinsi tunavyopapasa gizani: nafuu ilipotolewa, ni nani aliyeimeza kati ya mwenye kiwanda, mwenye hataza, mwenye meli na mwenye duka? Kama hatujui kila mmoja anachukua kiasi gani, hatuwezi kujua ni nani wa kumbana.

Tulikwisha kuonja gharama ya kutokujua. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia zote nchini, na Kenya ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwaka 2012. Sheria ilifuatwa, na hatulaumu. Lakini mlipaji wa hasara alikuwa mnunuzi wa mwisho, ambaye hakujua kusoma namba iliyomo ndani ya simu, na ambaye aliamka asubuhi akiwa na kioo kisichosema. Ndivyo ilivyo katika magomvi haya: wanaoanza ni wa juu kabisa, na anayezimiwa ni wa chini kabisa.

Wako watakaosema: hili ni la Wachina na Wamarekani, sisi si waundaji. Walikuwa na haki kusema hivyo zamani. Mwezi Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, Kenya. Nasi twasema kila siku ya kuwa twataka viwanda, na twataka kwa dhati. Siku kijana wa Morogoro atakapoweka jina lake mwenyewe juu ya simu aliyoiunganisha, barua ya kwanza atakayoipokea haitatoka kwa mteja. Itatoka kwa wakili, ikimwuliza leseni yake iko wapi. Akiijibu peke yake atatozwa bei ya ubaoni. Kampuni kubwa za China zilijadiliana zikiwa na serikali mgongoni. Yeye atakuwa na nini?

Watu wa Uchindile si wageni wa biashara ya kitu kisichoshikika. Katika nchi yao kampuni ya Kinorwe ya Green Resources ilipanda misonobari na mikaratusi, na mbali ya mbao ikauza ng'ambo hesabu ya hewa ya kaboni iliyonyonywa na miti ile. Hewa haikuonekana, lakini ilipimwa, ikaandikwa, ikalipiwa. Katika biashara ya namna hiyo swali la kwanza la mtu mwenye akili huwa ni kipimo kipi kinatumika, na nani amekishika. Swali hilo hilo ndilo la kuulizwa juu ya mrabaha wa simu, na sisi tunalielekeza mahali panapohusika.

Tume ya Ushindani inayo sheria ya mwaka 2003, na Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo yake ya mwaka 2006. Kwa nguvu hizo wazitake kampuni zinazotuuzia simu, zote, Wachina, Wakorea na Wamarekani, zieleze kwa maandishi mrabaha uliomo ndani ya kila simu iletwayo hapa, unalipwa kwa nani, na kwa hataza zipi zilizosajiliwa katika nchi zetu nane. Kampuni zitasema ni siri ya mkataba. Zilipoulizwa na Beijing na Seoul siri ilipatikana. Nchi moja ikiuliza peke yake itapuuzwa. Nane zikiuliza kwa barua moja, soko lote lile ni zito mno kupuuzwa.

Tena tunayo nafasi ambayo wengi hawaijui. Chini ya mapatano ya Shirika la Biashara Duniani, nchi zilizo nyuma kimaendeleo, nasi tumo, zimepewa mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimishwa kuzitekeleza sheria zote za hataza. Sheria yetu ya hataza ni ya mwaka 1987, iliyotungwa wakati simu ya kijiji kizima, kama ipo, ilikuwa moja na ya waya. Inafaa ifumuliwe sasa, kabla ya muda huo kwisha, na iseme wazi ya kuwa kwa hataza zilizomo ndani ya kiwango, mrabaha wa Tanzania utapimwa na Mtanzania, juu ya kile kipande kinachofanya kazi, na ya kuwa aliyenyamaza barazani kiwango kilipokuwa kikitungwa hatasikilizwa hapa. Na wahandisi wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Taasisi ya Teknolojia wapelekwe kwenye vikao vya viwango vya kizazi cha sita, ambavyo vimekwisha kuanza. Nauli ya wahandisi wanne ni ndogo. Kiti kilicho wazi hakisemi, na kila asiyekuwapo huhesabiwa kuwa ameridhia.

Tunangoja kusikia kutoka Tume ya Ushindani ikiwa swali hilo limewahi kuulizwa rasmi hata mara moja, na kama limeulizwa, kampuni zilijibu nini. Jibu likipatikana tutalichapa katika ukurasa huu huu, pamoja na hesabu zake.